Mwaka Nilioajiriwa Kulala

Papa Mwepu alifia kitandani kwake Kensington, hapa Johannesburg, mchana, jua likiwa dirishani. Aliyenipigia simu ni binti yake, Odette, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri lakini akikizungumza anakwenda kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Malume," alisema, maana ananiita mjomba kwa Kizulu tangu alipokuwa mdogo, "Papa ameenda. Mama anasema ukuje." Nilikuwa nimekaa na watoto wa Mayfair ninaowafundisha kusoma Kurani. Nikawaambia wafunge misahafu yao, waende nyumbani, na mmoja akauliza nani amefariki. Nikasema rafiki yangu. "Wa msikiti gani, Maalimu?" Nikamwambia wa kazini. Nilipofika Kensington walikuwa wameshatoa makochi sebuleni na kupanga magodoro kando ya kuta, kinamama wamekaa chini wameegemea, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanauokota. Jikoni kulikuwa na harufu ya sombe, kisamvu chao, na samaki wa kukaushwa. Mama Odette alinishika mkono, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti ya mtu aliyelia hadi akachoka: "Huyu njo ule Mutanzania mwenye Papa alifundishaka kusali." Kinamama wakacheka, wale wale waliokuwa wakilia. Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kofia kichwani, nikasikia uso unawaka kama wa kijana. Halikuwa neno la utani peke yake. Kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Watu wakiniuliza nilijuana vipi na mlinzi wa maegesho kutoka Lubumbashi, Mkristo wa kanisa la kupiga makofi, huwa nasema tulifanya kazi pamoja Randburg. Hawaulizi kazi gani. Kazi yenyewe ilikuwa kulala. Kuna nyumba ilikuwa huko, kaskazini mwa jiji, zamani zahanati ya watu binafsi, ambayo watafiti walikodi ghorofa yake moja. Walitafuta wanaume wazima wa afya, wasiovuta sigara, waliokuwa tayari kulala chali miezi miwili bila kuinuka hata mara moja. Si kwa kula, si kwa kuoga, si kwa haja. Vitanda vilikuwa vimeinamishwa upande wa kichwa, kidogo tu, lakini ukilala unajua kwamba miguu yako iko juu yako. Ngoja nieleze sababu, maana nami nilieleweshwa polepole. Tukisimama hapa duniani, damu na maji ya mwili huvutwa kwenda chini. Kule angani walikokwenda wale wanaoelea ndani ya vyombo, hakuna chini, kwa hiyo maji hupanda kifuani na usoni, na misuli na mifupa, kwa kukosa mzigo wa kubeba, huanza kulegea. Kumpeleka mtu angani ili umchunguze ni shughuli kubwa. Ukimlaza kichwa chini miguu juu, mwili wake unadanganyika, unaanza kufanya mambo yanayofanana na yale. Lakini watafiti wetu shida yao haikuwa misuli. Walitaka kujua akili inakuwaje. Mtu aliyelala hivyo wiki baada ya wiki, bado anakumbuka vizuri? Bado anaamua haraka? Akipewa usukani wa chombo, atakifikisha?

Siku niliyowaaga Mayfair, katika chumba cha juu ya duka la vitambaa tulikokuwa tukisalia sisi Watanzania, Bakari wa Tanga alihakikisha habari inamfikia kila mtu. "Jamani, Rashidi kapata kazi ya kulala! Akifanya vizuri atapandishwa cheo, ataruhusiwa kukoroma." Mwingine akauliza kama bado kuna nafasi, maana mkewe anasema amekuwa akiifanyia mazoezi kazi hiyo miaka mingi. Nilicheka nao, lakini ndani nilijisikia vibaya. Wenzangu walikuwa wanabeba marobota ya nguo mgongoni. Maalimu Mahfudhi, fundi cherehani aliyekuwa akituongoza katika sala, hakucheka wala hakunikataza. Alinikumbusha tu kwamba Ramadhani ingeingia muda mfupi baada ya mimi kutoka, na kwamba goti lake halimruhusu tena kusimama tarawehe nzima, ile sala ndefu ya usiku. Mimi ndiye niliyekuwa na juzuu nyingi za Kurani kifuani kuliko vijana wengine. "Nakutegemea wewe usimame mbele," alisema. "Kaa huko, lakini kichwa chako kirudi salama." Katika ujana wangu wote sikuwahi kupewa heshima kubwa kama ile, nami niliibeba hadi Randburg kama mtu aliyebeba sahani ya glasi.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Cha dirishani kilikuwa cha Papa Mwepu, mtu aliyenizidi umri, mpana, mwenye sauti ya chini kama injini ya lori. Cha ukutani kilikuwa changu. Nje kulikuwa na robot, taa za kuongozea magari, na kutwa nzima tulisikia magari yakisimama na kuondoka, yakisimama na kuondoka. Chakula kilikuja kwenye trei iliyowekwa godoroni, nawe unakula umelala ubavu, pap, ugali wa huku, na kuku aliyekatwakatwa kama wa mtoto, na lazima umalize kila kitu kwa sababu kimepimwa. Kuku walikuwa halali, hilo nilikuwa nimeuliza. Sikuwa nimeuliza mengine. Muuguzi wetu, Sister Nomsa, mama mwenye umri wa shangazi zangu, alituogesha juu ya machela ya plastiki, akatuletea chombo cha haja, akakiondoa, huku akizungumza na mwenzake ukumbini kuhusu teksi zilizopandisha nauli na mkwe asiyejua kupika. Hakutudharau hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza. Mgonjwa anaogeshwa kwa sababu hawezi. Mimi niliweza. Nilikuwa na miguu mizima, nimelala, na mama wa watu anainama kunifuta mgongo. Nilikuwa nafumba macho mpaka amalize, naye akidhani nasinzia ananiambia kwa Kizulu nilale tu, mwanangu, nilale.

Kuhusu sala nilikuwa nimejipangia mwenyewe. Tumefundishwa sote tangu chuo cha Kurani kwamba asiyeweza kusimama asali ameketi, asiyeweza kuketi asali amelala ubavu wa kulia ameelekea kibla, akirukuu na kusujudu kwa kuinamisha kichwa. Basi nikasali hivyo. Siku ya tatu au ya nne daktari wa utafiti, mwanamke mtaratibu aliyeitwa Annelie, akaja akasimama miguuni pangu. Alisema kamera imeniona nikiinua kichwa kutoka godoroni mara kwa mara, mchana na jioni, na kila mtu anajua sheria ya kwanza ni kwamba kichwa hakiinuki. Aliuliza kama shingo inauma. Nikasema ninasali. Akauliza kwa upole kwa nini sikusema siku ya kujiandikisha. Sikusema kwa sababu niliogopa wangetafuta mtu asiye na mambo mengi. Akasema samahani, anaheshimu dini yangu, lakini kichwa kikiendelea kuinuka itabidi nirudi nyumbani.

Sister Nomsa alinishikia simu sikioni, nikampigia Maalimu. "Maalimu," nikasema, "mtu ambaye si mgonjwa, lakini amelala, na hawezi kuinua kichwa, asali vipi?"

"Si mgonjwa, kwa nini hawezi kuinua kichwa? Amefungwa kamba?"

"Hapana. Amekatazwa."

"Na nani?"

"Na kazi."

Nilisikia mashine ya kushonea upande wa pili, kisha ikasimama. "Akiinua kichwa atapata nini? Ataanguka? Atakufa?"

"Atafukuzwa, Maalimu."

"Nimefundisha miaka mingi," alisema Maalimu, "swali hilo sijawahi kuulizwa. Usiache kusali. Kama kichwa hakiwezi, tumia kope za macho. Mengine tutazungumza ukiinuka." Hakunilaumu. Aliaga kwa adabu kama anavyoagana na mteja, nami nilibaki nimetazama dari, nikitamani angenigombeza.

Nikaanza kusali kwa kope. Nafumba macho kidogo, ni rukuu. Nafumba zaidi, ni sijda, kisha sijda ya pili. Kibla kutoka Johannesburg kiko kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo, na kaskazini yetu ilikuwa dirishani. Kati yangu na dirisha alikuwa Papa Mwepu. Kwa hiyo mara tano kwa siku nililala ubavu, uso kwa uso na mlinzi wa Lubumbashi, nikimpepesea macho. Alivumilia siku kadhaa. Siku moja, nilipotoa salamu ya mwisho, akasema: "Yangu, ndugu, uko unanisalia miye?"

Nikamwambia hapana, yeye yupo njiani tu.

"Kwa sababu miye niko mutenda zambi. Usinisalie miye, utapoteza wakati." Akafikiri kidogo. "Na jana midi, saa sita, ulifanya nne. Leo ulifanya tano. Mungu aliongeza kazi?"

Nilishtuka. Tano? Sala ya adhuhuri ni rakaa nne, hata mtoto anajua. Lakini nilipojaribu kurudi nyuma kichwani, sikuona kitu. Hapa nataka nieleze jambo ambalo sikuwahi kulifikiri mpaka siku ile, na wewe unaweza kulijaribu hata kama husali sala yetu. Chukua kazi yoyote ambayo mwili wako unaifanya kwa kurudia, kutwanga, kusuka nywele, kupanda ngazi za nyumbani kwako. Unajua uko wapi bila kuhesabu. Goti linajua, kiganja kinajua. Sasa lala, uifanye kazi hiyo hiyo kichwani peke yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, uone kama hutapotea katikati. Miaka yote ile nilidhani ninahesabu rakaa kwa akili. Kumbe zilikuwa zinahesabiwa na mwili: kusimama, kuinama, paji la uso kugusa mkeka, kuketi katikati. Nilipolazwa, rakaa zote zikawa moja. Ya pili haikuwa na tofauti na ya tatu. Na ukiwa na shaka katika sala, umefundishwa kuchukua idadi ndogo na kuongeza. Nikawa na shaka kila siku, naongeza kila siku, na sala zangu zikarefuka kama sala za walii, kumbe ni za mtu aliyepotea.

Wakati huo huo walikuwa wananipima. Skrini ilishushwa juu ya uso kwa mkono wa chuma. Herufi zinapita moja moja, unabonyeza ukiona herufi inayofanana na ile iliyopita mbili nyuma yake. Au unaongoza chombo kidogo kikaingie kwenye tundu lake bila kugonga pembeni. Papa Mwepu alikuwa akigonga kila kitu na kucheka. Mimi nilikuwa nakaza meno. Kila nilipokosea nilimwona Maalimu amekaa kwenye kiti, goti limenyooshwa, ananisubiri nisimame mbele. Nikamuuliza Annelie kama akili yangu inaharibika. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo wataalamu hawafanyi mara nyingi. Alisema wapo wanaopungua kasi katika mambo fulani, wapo ambao hawaonyeshi tofauti, na kama jibu lingejulikana tusingelazwa. Hakutaka kunidanganya kwa kunifariji, nami nilipokuja kuwa mwalimu nimejaribu kuwajibu watoto vile vile. Lakini siku ile nilitaka uongo.

Ni Papa Mwepu aliyeleta dawa. "Sikia," alisema, "miye niko nachunga parking tangu nifike huku. Minahesabu motokari yenye kuingia na yenye kutoka. Rakaa yako ni motokari tu. Ukifunga macho kabisa mara mbili, moja imeingia. Nitakuonyesha kidole."

"Haiwezekani," nikasema. "Wewe si Mwislamu."

"Na motokari haziko Wakatoliki. Funga macho, uanze."

Nikakataa siku mbili. Siku ya tatu nilipotea katika alasiri, nikafungua macho, nikaona mkono wake mpana juu ya shuka, vidole vitatu vimesimama. Havikutikisika. Yeye mwenyewe alikuwa anaangalia dari, kana kwamba mkono si wake, ili asinichungulie katika sala yangu. Nikasali ya nne, kidole cha nne kikapanda, nikatoa salamu. Tangu siku ile ikawa hivyo. Alijifunza kwamba alfajiri ni mbili, kwamba magharibi ni tatu. Akichelewa kuamka alfajiri nilikuwa namsubiri, na aliniuliza siku moja kama sisi hatuna Jumapili. "Mu kanisa yetu pasta anasali masaa mbili, hakuna mutu anahesabu. Tunaangaliaka saa tu." Nilimpenda. Sikuwahi kumwambia, na huenda alijua. Lakini kila kidole kilipopanda, pamoja na shukrani, kitu kiliniuma. Mtu aliyeandaliwa kusimama mbele ya safu alikuwa amelala, ameogeshwa, anahesabiwa sala zake kama magari yanayoingia maegeshoni.

Siku ya kuinuka walitusimamisha polepole, kwanza kitanda kikanyooshwa, kisha tukaketi, kisha miguu sakafuni. Papa Mwepu alisimama, akaona giza, akashika mabega ya Sister Nomsa kama mtu anayecheza dansi, akasema kwa Kifaransa kitu kilichomchekesha Annelie. Mimi nyayo, laini kama za mtoto mchanga, ziliniuma, na sakafu ilikuwa inanikimbia. Wiki zilizofuata walitutembeza, walitupima tena kwenye skrini, na Annelie akaniambia kwa furaha ya kweli kwamba herufi na chombo changu vimerudi pale vilipokuwa kabla sijalala. Nilitoka Randburg nimeshika maneno hayo. Kichwa kimerudi salama, ningemwambia Maalimu. Na nilimwambia, akaitikia kwa kichwa, akasema: "Basi tangulia leo adhuhuri, tukuone kabla ya mwezi."

Chumba cha juu ya duka la vitambaa kilikuwa kimejaa. Bakari alikuwa nyuma yangu kabisa, nasikia pumzi yake. Nikanuia, nikaanza, na mwili ulikumbuka: kuinama, kunyooka, paji la uso kwenye mkeka ule wenye harufu ya soksi na ubani. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Rakaa ya kwanza, ya pili, tukaketi, tukainuka. Ya tatu. Ya nne. Nikainua uso kutoka sijda ya pili, na hapo, badala ya kuketi, kitu ndani yangu kikasubiri. Mbele yangu kulikuwa na ukuta wa rangi ya maziwa. Nilikuwa nasubiri kidole. Hakikupanda. Na kwa kuwa hakikupanda, nikajua kwa uhakika wote kwamba ya nne bado haijakamilika, nikasimama. "Subhanallah," akasema Bakari, kama inavyotakiwa kumkumbusha imamu. Nikabaki nimesimama. "Subhanallah!" wakasema wengine, safu nzima, sauti nyingi, na mimi miguu imeota mizizi, naangalia ukuta. Mwishowe nikaketi, nikasujudu sijda ya kusahau, nikatoa salamu. Laiti Bakari angetania. Alikuwa akikunja mkeka wake kwa uangalifu mkubwa, bila kuniangalia.

Maalimu aliniita baadaye, mashine imezimwa. Aliuliza kama nilikuwa naumwa. Ningeweza kumficha. Nilimwambia. Nilimweleza kope, dirisha, mkono juu ya shuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema Ramadhani ile Bakari atasimama mbele, mimi nisimame nyuma yake, nimsahihishe akikosea aya. Aliongeza kwamba miaka ipo, na kweli ilikuwepo. Nimesimama mbele mara nyingi tangu wakati huo na mke wangu anasema nina maringo ya maimamu. Lakini nikifika rakaa ya nne uso unapata moto kidogo, hata leo. Vipimo vya Annelie vilikuwa sahihi, sina shaka. Akili yangu haikuwa imeharibika. Ilikuwa imehama tu, imekaa kwenye mkono wa mtu mwingine, na skrini haikuwa na swali la kuulizia hilo. Watoto ninaowafundisha wakikosea hesabu ya rakaa siwacheki. Nawaambia waweke viganja chini, wasikilize magoti yao. Wananiona mwalimu mpole. Hawajui nina sababu.

Alasiri ilipoingia kule Kensington nilimwomba Odette kona ya kusalia. Sebule imejaa, jikoni kuna masufuria. Akanipeleka chumbani kwa baba yake. Kitanda kilikuwa kimevuliwa shuka, godoro tupu, dirisha wazi, na barabarani magari yalikuwa yanasimama na kuondoka. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha. "Papa alisema ukikuja, side yako ni hii," akasema, akionyesha dirisha. "Mwezi ya mwisho hakuweza kuamka, Malume. Mimi na Mama tulikuwa tunamuosha. Eish, hakuwa na aibu hata. Anaimba." Akaniletea kiti, kwa sababu ameona magoti yangu, akafunga mlango. Nikakaa mbele ya lile godoro, mahali kama pale nilipolala miezi miwili kule Randburg, yeye kati yangu na dirisha. Nikasali. Huko sebuleni wimbo uliinuka, ukashuka, nami nikamfikiria akiimba huku anaogeshwa na binti yake. Niliporudi kutoka katika fikra hizo sikujua kama niko katika ya tatu au ya nne. Nikatazama kitandani. Uso ukapata moto. Nikachukua idadi ndogo, nikaongeza moja.